Ala ya Mshipi wa Kingsley

Kiti cha mbele kilianza kulia tena walipopita soko la samaki la Kashikishi. Tii, tii, tii. Hakuna aliyekikalia. Fundi umeme alishafungua waya zote chini yake, akazirudisha, akala hela yake na kusema gari ni zima. Gari zima gani linalomdai mkanda mtu asiyekuwepo? Bwembya alinyoosha mkono wa kushoto, akavuta mkanda wa kiti kitupu, akaufunga, na kelele ikakoma. Ilikuwa miezi minane tangu kaka yake Kingsley auawe ndani ya gari hilihili, na kila siku Bwembya aliufunga ule mkanda huku akijiambia ni waya tu.

Nyuma yake alikaa Thelma, mjane wa Kingsley. Mbele hakai. Siku ile, kwenye barabara ya kutoka Puta, alikuwa amekaa hapohapo nyuma, na hapohapo ndipo anapokaa mpaka leo. Mapajani alipakata mfuko wa plastiki aliokabidhiwa na polisi, ambao hajawahi kuufungua. Ndani yake mlikuwa na mshipi wa Kingsley, na kwenye mshipi ile ala, mfuko wa ngozi wa kutilia bastola.

Niseme mapema, maana sipendi kumzungusha mtu: Bwembya alitaka ala ile ipotee kabla ya Jumamosi. Jumamosi ukoo ungemkalisha mkekani na kumrithisha jina la kaka yake. Mshipi wa marehemu ungepita mikononi mwa wazee wote, mmoja mmoja, kisha ungefungwa kiunoni mwake, na kuanzia hapo Luse, mtoto wa Kingsley, angemwita baba. Bastola ya Kingsley alishapewa, kibali kilishatoka kwa jina lake, na leo alikuwa nayo garini. Basi akamwambia shemeji yake kwamba ala ya zamani ina damu, haifai mbele ya watu, heri wachague mpya. Thelma alikubali, ila mshipi hakuuachia. Mjane ndiye anayeutunza mpaka siku yenyewe, na Thelma kwa mambo ya desturi hana mchezo.

Papa Octave, fundi wa ngozi, alikuwa Mkongo aliyekimbia vita, akapewa shamba kwenye makazi ya wakimbizi na kuja sokoni kwa baiskeli kushona viatu. Zamani kwao aliwashonea maofisa ala, na kwa kazi hiyo alijiona daktari. Alipowaona alifuta mikono, akampa Thelma pole kwanza, kisha akatandaza ala nne mezani.

"Mwana yangu," alimwambia Bwembya, "watu wanachagua hivi vitu kama viatu. Mutu anasimama, anajiangalia, anasema iko muzuri. Wewe utakuwa unasimama mu gari?"

"Hapana, Papa."

"Bon. Basi usichague kama mutu wa kusimama."

Akamrudisha ndani ya gari, akamkalisha kwenye usukani na kumfunga mkanda. Yeye mwenyewe aliingia upande wa pili, akafungua mkanda wa kile kiti kitupu bila kuuliza umefungiwa nini, akakaa. Bwembya alitaka kumwambia asikae hapo, akaona aibu.

Wakaanza. Ya kiunoni ilibanwa na kiti. "Hii iko ya polisi wa kutembea." Ya mguuni mzee aliitupa kabla haijafungwa. "Muguu huu iko na kazi ya klachi. Unataka kufa na gia moja?" Ya kwapani ilikwenda kulala chini ya mkanda wa gari, na Bwembya alipotia mkono ukanasa. Mzee alicheka peke yake. Thelma alikuwa ameshuka, amesimama mlangoni na mfuko wake kifuani, akiutazama ule mkono unavyotafuta na kukosa.

Bwembya alijua Thelma anaona nini. Siku ile watu watatu walitoka kwenye matete na kuziba njia, na Kingsley, aliyekuwa kwenye usukani, akapeleka mkono kiunoni. Akavuta. Akavuta tena. Mara ya tatu alivuta kwa nguvu zake zote hata gari likayumba, na bastola haikutoka. Wakampiga risasi dirishani. Msibani Thelma alisimulia hivyohivyo: mara tatu, nimehesabu, kuna kitu kilimshika mkono. Haya, mwambie mtu wa ziwani kwetu kwamba marehemu alishikwa mkono. Hatauliza ni kitu gani. Atauliza ni nani. Na jibu halikuwa mbali. Mjomba Patson, ndugu wa mama yao, alikuwa amegombana na Kingsley kwa sababu ya nyavu wiki moja kabla. Watu wakamwita mchawi, wakaichoma nyumba ya mzee wa miaka sabini. Wakampakia kwenye boti na sufuria moja, akaenda kuishi kibandani peke yake kisiwani Kilwa, humohumo ziwani. Thelma alimtemea mate pale gatini, watu wote wakiona. Bwembya naye alikuwepo. Katika Nchelenge nzima ni yeye peke yake aliyejua kilichomshika Kingsley mkono, na akanyamaza kimya.

"Hii sasa," alisema Papa Octave. Ala ya nne ililala mshazari mbele ya tumbo, juu ya mkanda wa gari, na mkono uliifikia bila kutafuta. "Unatumia mukono gani?"

"Wa kushoto."

"Voilà. Nitageuza mudomo yake. Sasa nione mushipi wenyewe, nipime upana. Mama, lete."

"Nipe mimi, shemeji!" Bwembya alirukia mlangoni. Mkanda wa gari ukamkaba kifua na kumrudisha kitini, na kabla hajaona pa kuufungulia, mzee alishazunguka gari na mfuko ulishakuwa mikononi mwake.

Octave alitoa mshipi. Damu ilikuwa imekauka nyeusi. Aliigeuza ala polepole, akiisifu ngozi, akiusifu mshono, hadi kidole chake kikasimama kwenye kilimi cha kufungia, kile kipande cha ngozi kinachoizuia bastola isidondoke. Kilimi kilikuwa kimezungushiwa uzi wa nailoni, wa kahawia, rangi ileile ya ngozi.

"Hii ni kazi ya nani? Kwa huu uzi mutu anahitaji mikono mbili. Polisi walitoa bastola kwa mikono mbili, pole pole, kiisha wakarudisha kilimi, basi hawakuona kitu. Lakini mu gari, na mukono moja?" Akaingiza kipande cha ubao mahali pa bastola, akafunga kilimi, akavuta kwa mkono mmoja. Ngozi ikalia. Akavuta tena, ikalia. Alipovuta mara ya tatu Thelma alishika mlango wa gari kwa mikono yote miwili.

"Ni hiyo sauti," alisema. "Mungu wangu, ni hiyo."

Fundi akiwa fundi hajui kunyamaza. "Fundo hii ni ya nyavu, Mama. Angalia inazungukia huku. Mutu wa mukono wa kuume hawezi kuifunga hivi. Aliyefunga iko mutu wa..." Hapo ndipo akasikia mwenyewe anachosema. Macho yake yakaenda kwenye mkono wa kushoto wa Bwembya, na ya Thelma yakaenda hapohapo.

Bwembya aliuficha mkono ule chini ya paja. "Luse," alisema. "Jioni ile kaka alikuwa anaoga, mshipi ameutundika kwenye kiti. Nilimkuta mtoto ameshaitoa bastola nusu. Nikakifunga kilimi kwa uzi ili mkono mdogo usiweze. Nilisema nitamwambia kaka asubuhi. Nilipoamka mmeshaondoka."

"Simu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo. Nikasema mkirudi."

"Na Mjomba? Nyumba ilivyokuwa inaungua, ulisema nini?"

Bwembya alisema lililokuwepo. "Niliogopa, shemeji. Nilidhani nikinyamaza kidogo itakuwa rahisi kusema, na kila siku ikawa ngumu zaidi."

Thelma hakulia, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kwa mtoto wangu ningekusamehe. Ningekupiga kwanza, ningekulaani, halafu ningekusamehe. Lakini umeniacha nimtemee mate mzee asiye na kosa, Bwembya, na kila Jumapili nimesimama kanisani namwomba Mungu amuue."

Papa Octave alikuwa ameshika mkasi, hajui aelekee wapi. "Mama, nikate?"

"Usiguse. Atakata mwenyewe."

"Nani?"

"Mjomba Patson." Akauchukua mshipi, akamrushia shemeji yake mapajani. "Toa risasi. Tia bastola yako humo, funga kilimi kama ulivyokifunga, uvae. Boti ya Kilwa inaondoka saa nne."

"Jumamosi wazee wana—"

"Jina la mume wangu hulipati Jumamosi. Utapiga magoti mbele ya yule mzee, umpe avute kwa mkono mmoja, mara tatu. Halafu utamweleza. Akitaka kuukata huo uzi, ataukata. Akikataa, utatembea nao."

Bwembya aliuvaa. Tundu la mshipi halikumpa shida. Lile lililochakaa kwa miaka ya Kingsley lilimkaa barabara. Papa Octave aliiondoa ala mpya taratibu na hakuuliza kama bado inatakiwa.

Thelma alipanda nyuma, mahali pake. Gari lilipowaka na kuondoka, kiti cha mbele kikaanza: tii, tii, tii. Bwembya alinyoosha mkono wa kushoto kuuvuta mkanda.

"Wacha," alisema Thelma. "Wacha kilie."

Akaurudisha mkono kwenye usukani. Kililia njia nzima mpaka gatini.