Mshale Uliolala

Mimi nina hasira za karibu, na kila aliyefanya kazi na mimi anajua. Ukinipinga nikiwa na namba mkononi, utanisikia mpaka chini kwa walinzi. Kwa hiyo mjomba wangu alipokuja mezani kwangu Jumatano, mara ya tatu na karatasi yake, akasema kwa upole, "Mpwa, bado inasoma tisini na moja," nilimjibu mbele ya ofisi nzima: "Basi macho yako yamezeeka, Mjomba. Kapumzike."

Huyo ni kaka wa mama yangu, tumbo moja. Ndiye aliyenifundisha kulehemu waya nikiwa na miaka kumi, na ndiye mpimaji wa maabara ya kampuni yetu kwa miaka ishirini na sita. Mimi kazi yangu ni simulesheni: kifaa kabla hakijatengenezwa, nakijenga kwenye kompyuta, nakiwasha, naangalia kama kitaungua. Safari hii kilikuwa kisanduku cha mawasiliano, cha kutundikwa juu ya nguzo. Chipu yake iko juu, inachemka. Mapezi ya kupozea yako chini. Katikati kuna bomba jembamba la shaba, limezibwa pande zote mbili, na ndani mna maji kidogo. Maji yakipata moto yanakuwa mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji tena, na maji yanarudi kwenye moto kwa kupita kwenye utambi uliomo ndani ya bomba. Hakuna pampu, hakuna feni. Kitu kizuri, we acha tu.

Chipu haitakiwi kuzidi nyuzi themanini. Kompyuta yangu ilisema sitini na tisa. Mjomba alipima kisanduku cha majaribio mara tatu, na mara zote tatu akapata tisini na moja. Mkubwa wetu, ambaye hapendi namba mbili kwa swali moja, aliniuliza nani kakosea, nikasema bila hata kumeza mate: mpimaji. Ikaamuliwa kwamba Alhamisi saa nane mchana Mjomba aitwe ofisini aambiwe astaafu mapema, na mimi niandike ukurasa mmoja wa kuonyesha kwamba simulesheni iko sawa.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa naupamba ukurasa huo. Nilitaka picha ipendeze, nikawasha rangi zote, nikawasha na mishale yote: ya mvuke, ya maji, ya joto. Kompyuta ikaniletea na mmoja ambao sikuwahi kuutazama, mfupi, wa kijivu, wa mvutano wa dunia. Mshale huo hata mtoto anajua unaelekea chini. Huu wangu ulikuwa umelala, unaelekea dirishani.

"Lahaula!"

"Nini tena?" akauliza mchoraji wa vifaa vyetu, dada wa meza ya jirani.

"Hakuna kitu."

Kitu kilikuwepo. Programu ya mchoraji huita mwelekeo wa juu kwa herufi moja, yangu kwa nyingine. Ukihamisha mchoro kutoka kwake kuja kwangu lazima uugeuze. Sikuugeuza. Miezi mitatu kisanduku changu kilikuwa kimelala chali, maji yakirudi kwenye moto bila taabu, wakati kisanduku cha Mjomba kimetundikwa wima kama kitakavyokaa kwenye nguzo, na maji yake yanalazimika kupanda mlima. Yeye alipima kweli. Mimi ndiye niliyepika namba, tena kwa mbwembwe.

Mtu mwenye akili angeinuka hapohapo. Kutoka kwetu mpaka maabara ni ngazi kumi na nane, nimezihesabu. Mimi nikaunyoosha mshale, nikaanzisha hesabu upya, nikajiambia ngoja nihakikishe kwanza. Hesabu hiyo inachukua saa nne na nusu. Sikuwa na shaka hata chembe, jamani, nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuwa natafuta muda kabla ya kumeza maneno yangu.

Basi nikaanza kuhangaika. Nikakaa, nikainuka. Nikaenda chooni bila haja. Nikachemsha chai nikaisahau, nikachemsha nyingine. Kwenye skrini mstari wa joto ulikuwa unapanda taratibu: sabini na mbili, sabini na nne, unasimama, unapanda tena. Kila nikikaa mguu unacheza wenyewe.

"Leo una nini wewe?" mchoraji akasema. "Uko kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Niache."

"Nikuache vipi na mguu wako unatikisa meza yangu?"

Nikashuka. Saa nne na robo nilikuwa mbele ya mlango wa kioo wa maabara. Mjomba alikuwa ndani, ameinama juu ya kisanduku, anabandika upya waya za vipimajoto kwa utepe, moja moja, miwani imeshuka puani. Akainua kichwa. Akatabasamu. Mimi nikajitia hamnazo, nikapita kama naenda stoo. Moyoni nilijitukana matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua.

Saa tano mstari ulikuwa sabini na tisa. Saa sita, themanini na tatu. Nikashuka tena, nimeshapanga na maneno: Mjomba, nisamehe, niliyekosea ni mimi. Sentensi fupi, haina hata neno gumu. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, anatazama mlango. Nikapita.

Saa nane kasorobo hesabu ikaisha. Tisini nukta sita. Nikachapisha ukurasa, nikazishuka zile ngazi mbilimbili, nikafungua maabara. Hakuna mtu. Nikakimbia kwa Mkubwa, nikaingia bila kubisha.

Mjomba alikuwa tayari amekaa pale, amefunga vifungo vya koti mpaka juu.

"Karibu," Mkubwa akasema, uso umemng'aa. "Mzee ameniletea habari njema. Amepima mara ya nne, amepata sitini na tisa. Anasema zile mara tatu alikosea yeye, na yuko radhi kustaafu kwa amani."

Sitini na tisa kwenye kisanduku kile unaipata kwa njia moja tu: ukilaze. Mjomba alikilaza, na aliyekilaza alishajua kosa ni la nani. Nikamtazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, kunikataza.

Ningeweza kunyamaza. Siwadanganyi, wazo hilo nilikuwa nalo. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza tangu asubuhi, na nilikuwa nimechoka nao ukimya ule.

"Mkubwa, hiyo namba ni ya kisanduku kilicholazwa," nikasema. "Kikisimama ni tisini na moja, kama alivyosema yeye tangu mwanzo. Niliyekosea ni mimi." Nikaweka ukurasa mezani, nikamweleza mshale wote.

Mkubwa alisoma mara mbili. Kisha akamgeukia Mjomba.

"Ulikilaza?"

"Nilikilaza."

"Mbona hukuandika?"

Mjomba akaivua miwani yake.

"Kosa la hesabu tunarekebisha," Mkubwa akaniambia. "Umelileta mwenyewe, visanduku havijaanza kutengenezwa, nakushukuru. Lakini mpimaji akiniletea namba anayojua si ya kweli, sina mpimaji tena." Akaisukuma barua ya kustaafu mbele ya Mjomba. Nilipiga kelele, nikapiga na meza. Mjomba akaomba kalamu.

Nje kwenye ukumbi nilikuwa nalia kwa hasira, na kwa mara ya kwanza hasira hiyo haikuwa na wa kumwangukia ila mimi.

"Kwa nini, Mjomba? Ulikuwa sahihi mara tatu!"

"Saa nne asubuhi nilikilaza ili nibandike waya vizuri, namba ikashuka yenyewe mpaka sitini na tisa yako. Nikaelewa." Alikuwa anafungua kile kifungo cha juu cha koti. "Nikataka kupanda nikuambie, nikakumbuka ya jana mbele ya watu. Halafu nikakuona mlangoni na uso ule. Nikasema ameshajua, anakuja. Ukapita. Mara ya pili ukapita. Basi nikajua hutaki watu wajue, utarekebisha kimyakimya. Nikakusitiri."

"Nilikuwa nakuja. Nilitaka nihakikishe kwanza."

"Nilikusubiri mpaka saa saba, mwanangu. Tungeingia pamoja."

Tukashuka hadi getini, walinzi wakamwamkia kama kila siku, naye akaitikia kama kila siku.

"Mama atauliza," nikasema.

"Atauliza. Utamwambia wewe," akasema. "Na mwambie leo. Usingoje kuhakikisha."