Bunduki ya Kurusha Uzi

"Weka chini, Kuria. Hiyo bunduki ni ya baba yangu na usi—"

"Ni ya baba yako sawa, lakini inakohoa kama—"

"—usiifungue, nimekwambia mara ngapi—"

"—mzee wa pumu. Na Uncle, nishaifungua jana."

Manjit Singh akaangalia meza ya jikoni, mahali bunduki ya upepo ya marehemu baba yake ilikuwa imelala vipande vipande juu ya gazeti, kama kuku anangoja sufuria. Philister, ambaye amepikia hiyo nyumba tangu sijazaliwa, akavisukuma kando na kiwiko apate mahali pa kusukuma chapati.

"Na nani amekufundisha hii kazi?" Manjit akaniuliza. "Ule mwaka wa tatu wa chuo ulitoroka?"

"Sikutoroka. Nilifukuzwa na heshima zangu."

"Alivalisha mbuzi tai akamfungia kwa ofisi ya mkubwa wao," Philister akasema, hata hajainua macho. "Hiyo ndio digrii iko hapa."

Ni kweli, lakini hiyo hadithi ni ya siku ingine. Mimi nakaa SQ ya Manjit, ile nyumba ndogo ya uani, huku Nairobi nyuma ya Adams Arcade, na hiyo Jumapili shida haikuwa mbuzi. Shida ilikuwa mti.

Manjit ana redio. Si ile ya kusikiliza taarifa, ni ile ya kuongea, na leseni yake iko kwa fremu ukutani. Tangu mwaka wa themanini na mbili, kila Jumapili saa kumi jioni, anaongea na rafiki yake Bharat, aliyehamia Shelisheli. Waya ya hiyo redio ilikuwa imening'inia kwa tawi la juu kabisa la mkaratusi wa uani. Mvua ya Aprili ikaja na upepo, ikaikata. Na Jumatatu, kesho ya hiyo Jumapili, Bharat alikuwa anahamia kwa binti yake, ghorofa ya nne, mahali mwenye nyumba hataki kuona waya hata ya kuanika soksi. Redio yake ilishapata mtu wa kuichukua. Kwa hivyo ilikuwa leo saa kumi, ama basi tena.

"Si umpigie tu simu?" nilikuwa nimemuuliza.

"Simu ni ya kuulizana sukari imepanda ngapi," akasema. "Dakika mbili mmemaliza."

Tulikuwa tumemwita Ogutu, yule hupanda miti mtaani. Alikuja, akagonga shina kama daktari anagonga kifua, akasikiliza. "Huko juu imeoza," akasema. "Na mimi niko na watoto." Akaenda zake.

Ndio nikasema turushe. Unafunga kipande ya risasi kwa uzi ya kuvua samaki, unaipiga ipite juu ya tawi, ikianguka upande ule mwingine unavutia kamba, kamba inavuta waya. Kwa maneno ni rahisi. Tatizo ni hiyo bunduki ilikuwa imezeeka. Tulijaribu Ijumaa, ile risasi ikafika kwa mabati ya jikoni, ikateremka kama inatafuta kiti.

Nikabeba pampu yake mpaka kwa fundi wa stovu huko Kirinyaga Road, akanikatia ngozi mpya ya kuzuia upepo usitoke, na kuilowesha mafuta. Kuna kitu ingine niliongeza, sitasema, kwa sababu mpaka leo Philister anauliza kwa nini sufuria yake ya presha haipigi mluzi.

Saa saba na nusu nikawa nimeiunganisha. Manjit akaishika, akaipima mkononi, akanirudishia. Upande ule mwingine wa ukuta ni shamba tupu, hakuna mtu. Nikapiga pampu mpaka jasho likanitoka. Nikalenga juu.

Paa.

Kunguru wote wa mtaa waliruka. Risasi ilienda, wapi hakuna alijua. Uzi ilibaki kwa rili yake, kile kigurudumu inazungushiwa, imekatika, inacheza na upepo.

"Nguvu iko," Manjit akasema.

Nikaongeza pampu. Uzi ikakatika tena. Nikaongeza zaidi, na hapo ikajifunga fundo moja kubwa kama kiota cha ndege, ikakatika mahali pawili. Saa tisa ikapita.

"Nguvu imefika," Manjit akasema. "Akili ndio bado iko njiani."

Akaingia ndani. Nilidhani ameenda kulala, maanake uso wake ulikuwa umeanguka. Akatoka na kilemba. Kitambaa ya bluu, safi, mita tano. Kila Jumapili asubuhi mimi hushika ncha moja na yeye nyingine, tunavuta, tunakunja, tunavuta tena, mpaka inakuwa nyembamba ya kufunga kichwani. Nimefanya hivyo miaka miwili kama mtu anamshikia jirani kamba ya nguo.

"Umeona hii ikijifunga fundo siku yoyote?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatuizungushi. Tunaikunja tu, kwenda na kurudi—"

Nikasikia mdomo wangu mwenyewe. Nikaangalia ile rili ya uzi. Risasi ilikuwa inatoka kama wazimu na rili inajaribu kuzunguka kuifuata. Mimi kila saa naongeza wazimu.

"Tandika kwa nyasi?" nikauliza.

"Kilemba hailali chini. Leteni meza."

Mimi na Philister tukatoa meza ya kulia chakula mpaka uani. Manjit akalowesha kitambaa kidogo, akaitandaza, na tukalaza uzi juu yake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hakuna mahali inajipita. Mikono yake ina ugonjwa wa viungo lakini hapo haikukosea kunjo hata moja.

"Sasa pampu nusu," akasema.

"Uncle, nusu? Baada ya kazi yote nimefanya?"

"Nusu."

Nikapiga nusu. Iliniuma kuliko kufukuzwa chuo.

Bunduki haikulia sana. Halafu ile uzi ikaanza kuamka kutoka kwa kitambaa, kunjo moja, kunjo ingine, bila sauti, kama kilemba inapumua. Jua lilikuwa limeishika, ikawa mstari mmoja wa mwanga, inapanda, inapanda, ikapita matawi yote ninayoyajua na yale sijawahi kuangalia. Risasi ikafika juu ya tawi la mwisho, ndogo kama nzi. Ikasimama hapo. Naapa ilisimama. Halafu ikainama upande ule mwingine, ikateremka polepole na uzi wake, ikagusa nyasi.

Philister alikuwa ameshika kifua na mkono uko na unga. Mimi nikakimbia kushika ile uzi kabla upepo haijairudisha.

Saa kumi kasoro dakika tatu waya ilikuwa juu. Kwa chumba cha redio kulikuwa na kelele kama mvua kwa mabati. Manjit akazungusha kidude, akasema herufi za stesheni yake kama mtu anatoa ushahidi kortini, Kizungu cha kunyooka, kila sentensi na "over" yake, yaani nimemaliza, sasa wewe. Hewani hataki mzaha, sheria ni sheria. Akangoja. Akasema tena. Nikaona shavu lake linacheza.

Kisha, ndani ya ile mvua, sauti. Nyembamba, ya mzee, ikitoka mbali kuliko nilivyokuwa najua kuna mbali. Ilikuwa inapita kwa ile waya yetu. Nikajikuta nimevua kofia.

Manjit akamweleza kila kitu: mti, ngozi, meza.

"Huyo kijana yuko hapo?" Bharat akauliza. "Mpe."

Manjit akanipa maikrofoni kama anampa mtoto kikombe cha kioo.

"Kuria," ile sauti ikasema, na sasa ilikuwa Kiswahili, yenye kutu lakini ya hapa hapa. "Mimi niliuza misumari River Road miaka kumi na tano, nikitukanwa na wateja kila siku. Huku watu ni wapole sana. Na kwa binti yangu hata mlango unafungwa polepole. Tangu themanini na mbili hakuna mtu amenitukana kwa Kiswahili." Kelele ikapanda, ikashuka. "Tafadhali, nitukane kidogo. Vizuri, usiharakishe. Over."