Bibi Atatoka kwa Miguu Yake

Jina la bibi huyu silitaji, na mtu asiniulize. Kwetu aliyekufa huondoka na jina lake, na anayelitaja hovyo anamvuta nguo mtu aliyekwisha kushika safari. Tutamwita Bibi, basi, na yatosha, maana pale Ilpara, kijijini kwetu jangwani, ukisema Bibi tu kila mtu alijua ni yupi: mama mzaa baba yake Delvina, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kufukuzia mbwa. Ndiye aliyemlea Delvina tangu anaota meno.

Mwaka Delvina alipochumbiwa na Clifton, Bibi hakuwa akikaa Ilpara tena. Figo zilikuwa zimemfia, akahamishiwa mjini Alice karibu na mashine ya kusafisha damu. Siku moja anafungwa kwenye mashine, siku ya pili analala kama gunia, siku ya tatu anarudi kwenye mashine. Alikuwa anakwisha, na sote tulimwona anakwisha, ila hakuna aliyethubutu kusema.

Harusi ilipangwa msimu wa baridi, kanisani Ilpara. Delvina hakuwa bibi harusi wa makuu. Gauni aliazima kwa binamu yake, keki aliwaachia shangazi zake wagombane nayo wapendavyo. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka kwa roho yake yote: Bibi awe kwenye picha. Kila picha, katikati, mbele. Ndiyo maana likizo ya shule anakofundisha ilipofika, alimchukua mama yake, Noreen, wakashuka mjini kutafuta mpiga picha, na kikao kikawa uani kwa Bibi, chini ya turubai, chai ikichemka.

Wa kwanza kuja alikuwa Gavin, bwana wa mji wa Adelaide ambaye kila msimu wa baridi huja huku kupiga harusi za wenye nazo wanaopenda jangwa letu jekundu. Hakuwa mtu mbaya. Picha zake zilikuwa tamu, usipime: mwanga wa jioni umemwagika juu ya mchanga, gauni linapepea, kila mtu mzuri kuliko alivyozaliwa. Delvina alifunua kitabu chake cha picha akajiona yumo tayari, yeye na Bibi wake katikati ya ule mwanga.

Akafunua ukurasa mwingine. Bwana harusi kamkumbatia mama mkwe wake, shavu kwa shavu.

Noreen aligeuza uso akajifunika mtandio. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemeshani, wakikutana njiani mmoja huacha njia. Ni heshima, na ni nzito. Kuwaweka shavu kwa shavu ni kuwavua nguo wote wawili. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia Noreen aangalie, mkwewe Clifton naye atakuja kubusiwa hivyo hivyo, ajiandae kunawa uso. Noreen alimwambia akome, mama, na utu uzima wote huo. Gavin alipoelezwa aliomba radhi, akasema kwetu hatafanya hivyo.

Ndipo Bibi alipoacha kucheka, akauliza lake.

"Nikifa, picha zangu utazifanyaje?"

"Bibi," Delvina akasema, "huo uchuro."

"Sijakuuliza wewe."

Gavin alifikiri kidogo. Akasema hilo halina shida. Siku hizi kompyuta inaweza kumtoa mtu kwenye picha, ikaziba mahali pake kwa ukuta au mchanga au bega la mwingine, isijulikane kamwe kwamba aliwahi kusimama pale. Aliyasema kwa upole, akidhani anamtua bibi wa watu mzigo. Delvina naye moyo ulimtulia. Aliona njia imepatikana: Bibi atakuwemo, na siku ikifika, Mungu aiweke mbali, kompyuta itajua la kufanya.

Bibi alinywa chai yake mpaka chini.

"Mimi si doa," akasema. "Sifutwi."

Gavin alipoondoka Delvina alikuja juu. Alimwambia Bibi kwamba amemwaibisha mgeni, na kwamba wapiga picha wa namna ile hawaokotwi barabarani. Bibi alimwacha amalize. Kisha akamtaka amwonyeshe picha moja ya utoto wake. Moja tu.

Delvina hakuwa nayo. Babu yake, mume wa Bibi, alikuwa hambandui mapajani. Kila aliyekuja na kamera alimkuta mtoto yuko kwa babu: anaoga yuko kwa babu, anakula mkia wa kangaruu yuko kwa babu, siku ya kwanza ya shule kashikwa mkono na babu. Babu alipokufa picha zote zilikusanywa, zikatiwa kwenye sanduku la bati, bati likapelekwa kwa dada yake babu, kwa sababu sura ya marehemu haiachwi ikizagaa mbele ya waliofiwa. Siku moja wakubwa watasema linaweza kufunguliwa. Hawajasema. Delvina amekuwa mtu mzima pasipo kuijua sura yake ya utotoni.

"Babu yako alikupenda akaondoka na utoto wako," Bibi akasema. "Hakukusudia. Mimi sitaondoka na harusi yako."

Alikuwa na mpango wake. Kila picha ipigwe mara mbili: kwanza yeye akiwemo, halafu ainuke, atoke, wabaki wengine. Siku yake ikifika, zile za kwanza ziende kwenye bati, na za pili zibaki ukutani. Kufutwa na mtu mwingine hataki. Ameingia duniani kwa miguu ya mama yake, pichani atatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Delvina alisimama akaingia ndani, akakifunga chumba kwa ndani, akalia. Alichosikia yeye ni kwamba siku ya harusi yake, mara kwa mara, mbele ya watu wote, Bibi atakufa kidogo.

Kesho yake, kabla Bibi hajapelekwa kwenye mashine, alikuja Marivic, mwanamke wa Kifilipino aliyeolewa mjini pale miaka mingi, mpiga picha za watoto wa shule na za ubatizo. Picha zake hazikuwa na mwanga wa jioni. Zilikuwa picha za watu wamesimama. Ila hata kikombe chake hakijapoa aliuliza nani hasimami na nani, nani hamtazami nani, na je, kuna msiba wa karibuni anaopaswa kuujua. Noreen alimsogezea mkate. Bibi alimtajia mpango wake, na Marivic hakusema masikini, wala hakusema utaishi miaka mingi. Aliuliza tu kama Bibi ataweza kuinuka mara nyingi hivyo.

"Huyu," Bibi akasema.

Delvina alimsindikiza Marivic hadi kwenye gari. Huko nje, mbali na masikio ya wakubwa, alimwomba jambo. Apige zile zenye Bibi tu. Bibi akishatoka, Marivic ainue kamera, ajifanye anapiga, basi. Bibi hatajua.

"Simdanganyi mtu mzima," Marivic akasema. "Tafuta mwingine, mwanangu. Sitakasirika."

Hapo Delvina alipandwa na hasira za kweli. Harusi ni ya nani? Akaapa atampigia Gavin kesho asubuhi, na Bibi apende asipende. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, nisijitie utakatifu. Nani anataka kuambiwa, katika gauni lake jeupe, ajizoeze kufiwa?

Asubuhi simu alikuwa nayo mkononi, namba ya Gavin imekwisha kutokea kwenye kioo, akasikia kitu kinakwaruza uani. Akachungulia. Ilikuwa siku ya pili, ile ya baada ya mashine, ambayo Bibi hata chai hunyweshwa kitandani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya ua. Akaikamata fimbo yake, akajiinua kwa kutetemeka, akapiga hatua hadi bombani, akashika bomba, akapumua. Kisha akarudi, akaketi. Akapumzika. Akainuka tena.

Delvina alitoka mbio akamshika mkono, akamwuliza anafanya nini, anataka kuanguka avunjike?

"Najifunza kutoka," Bibi akasema, pumzi zikimkatika. "Niache. Nikishikwa siku ile nitaonekana naburutwa."

Delvina alimwachia mkono. Alisimama pale akamtazama anakwenda bombani na kurudi, na alipoketi safari hii akampa maji. Hakusema amekubali. Alifuta namba ya Gavin, akampigia Marivic.

Siku ya harusi baridi ilikuwa kali na jua liko wazi. Kanisa lilijaa, mbwa wakafukuzwa, wakarudi, wakaachwa. Baada ya ibada watu walipangwa nje, ukutani, na Marivic hakukosea hata kidogo: Clifton mwanzo wa mstari, Noreen mwisho wa mstari, shangazi wanene wa kutosha katikati hata lau wangetaka kuonana wasingeweza. Bibi kwenye kiti, mbele. Picha ikapigwa.

Kisha Bibi akainuka. Wengi tulikuwa tumeambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Alikataa mkono wa mwanawe, baba yake Delvina, akakataa wa Clifton, akatembea na fimbo yake hadi ubavuni mwa Marivic, akasimama. Kiti kikatolewa, watu wakasogea wakaziba nafasi.

"Mnanikodolea nini?" akasema. "Delvina, nyoosha mgongo. Clifton, funga mdomo, utameza nzi."

Watu walicheka huku machozi yakiwalenga. Marivic akasema tazameni hapa, kwenye kamera. Akapiga.

Ikawa hivyo kundi baada ya kundi. Upande wa bibi harusi, upande wa bwana harusi, watoto, wazee wa kanisa. Bibi anaketi, anapigwa, anainuka, anatoka. Mara ya kwanza Delvina alidhani moyo utapasuka. Kadiri walivyoendelea aliona kitu ambacho hakukitazamia: Bibi alikuwa anajivunia. Kila alipofika pale ubavuni mwa Marivic alishusha mabega na kuwatazama, akihesabu watu wake, akisahihisha kola ya huyu na nywele za yule, mama mwenye nyumba aliyetoka nje kidogo kuona nyumba imekaaje.

Mwisho walipigwa wawili, yeye na Delvina, shavu kwa shavu. Akainuka tena, kwa taabu sasa, midomo imekauka. Delvina akabaki peke yake ukutani. Kamera ikalia.

"Basi," Bibi akasema. "Hiyo ni yako."

Alikufa kabla ya joto kubwa kuingia. Sitaeleza msiba. Nyumba ilifagiliwa na kufukizwa moshi wa majani, Delvina alikata nywele zake zote, simu za watu wote zilifutwa picha. Noreen alikwenda mwenyewe kwa Marivic kuchukua zile za kwanza, akazifunga bila kuzitazama, akazitia kwenye bati, likapelekwa kwa jamaa wa mbali. Delvina hakuomba hata kuligusa. Za pili hakuziulizia. Miezi ilipita, akiulizwa juu ya picha za harusi anasema bado, kwa sauti inayomfunga mtu mdomo. Ndani ya nafsi yake alikuwa ameamua kwamba hazitaki, na kwamba kumkubalia Bibi lilikuwa kosa, kwa sababu zile ni picha za siku Bibi hayupo, na siku hizo sasa anazo tele.

Marivic alizileta mwenyewe Ilpara, baada ya kumtaka idhini Noreen. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu mwenye deni. Akasema anaomba radhi. Hakuzileta mapema kwa sababu zimeharibika, na amejaribu kuchagua zilizo afadhali akakosa.

"Niliwaambia watazame kwenye kamera," akasema. "Hakuna aliyenisikia."

Delvina akaichukua ya juu. Ukuta wa kanisa, watu wamepangana, Clifton huku, Noreen kule. Na kila uso, wa wazee, wa shangazi wote, wa mtoto mchanga begani, umegeukia upande mmoja, nje kidogo ya picha, chini kidogo, usawa wa mtu mfupi. Noreen ambaye hamtazami mkwewe na Clifton ambaye hamtazami mama mkwe wake wanatazama mahali pamoja. Wengine wanacheka. Wengine wanalia. Akachukua ya pili, na ya tatu, na zote zilikuwa hivyo.

Ya mwisho ni yake peke yake. Amesimama wima, mgongo umenyooka, gauni la kuazima limemkaa vyema, na uso wake wote umekwenda kule. Hakujua kwamba siku ile alikuwa na uso wa namna hiyo.

Marivic akasema taratibu kwamba anaweza kujaribu kuyarekebisha macho kwa kompyuta.

"Usiyaguse," Delvina akasema. Akaendelea kuishika ile picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, machozi yakimshuka, hayafuti. "Hii nitengenezee kubwa. Ya ukutani."