Makofi ya Mwongeli

Mwongeli Kitonga alikuwa na tuzo mbili ambazo ni nadra mpiga tarumbeta mmoja kuzipata: ya jazi na ya muziki wa kiklasiki. Kwenye vilabu vya jazi vya Westlands walimshangilia glasi mkononi. Kwenye okestra walimsikiliza kimya kama wako ibadani. Lakini tangu mwaka jana mdomo wake wa juu ulianza kumgomea. Daktari alisema ni neva, na kwamba hautarudi kuwa wa zamani. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na noti moja.

Jumapili hiyo okestra ilipiga katika kanisa moja katikati ya jiji. Mwishoni tarumbeta yake ilitakiwa kupanda peke yake hadi juu kabisa, ikae huko. Mwongeli akavuta pumzi, akapanda. Karibu na kilele mdomo ukalegea, pumzi ikapita tupu. Na bado noti ikasikika, safi, imenyooka, ikajaa kanisa zima. Akatupa jicho pembeni. Ni Wesonga, mpiga tarumbeta wa pili, aliyeketi naye bega kwa bega miaka yote.

Watu wakasimama kumpigia Mwongeli makofi.

Katika chumba cha nyuma Mwongeli akamkabili Wesonga. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile Westlands ulimwachia mtu wa saksafoni solo yako, ukasema umechoka. Wewe hujawahi choka, dada. Nikajifunza sehemu yako, ikitokea siku ukashindwa."

"Ungeniacha nianguke, Wesonga! Ingekuwa imeisha. Sasa umenifanya mwongo mbele ya watu wote."

Mlango ukafunguka, akaingia shabiki mmoja, Njambi, macho mekundu.

"Mwongeli! Hiyo noti ya mwisho imeniliza. Tupige picha?"

"Si mimi. Ni huyu."

"Eti si wewe!" Njambi akacheka, akamkabidhi Wesonga simu awapige.

Kesho yake, nyumbani Uthiru, Mwongeli alimpigia mwongozaji wa okestra, akamweleza yote. "Kiti changu mpe Wesonga."

"Wesonga amenipigia asubuhi," akajibu mwongozaji. "Ameacha. Anasema kiti chako hawezi kukikalia."

Mwongeli akampigia Wesonga. Simu ikaita hadi ikakatika. Alasiri akaenda Riruta, hadi kwake. Annah, mkewe Wesonga, akamkaribisha chai, akamwekea na mandazi, lakini hakumwita mumewe aliyekuwa chumbani.

"Ameniambia nisimwite," alisema, akaketi. "Anajua umekuja kumpa kiti chako."