Njia ya Maji ya Sinki

Ndaki alikuwa mtu wa kuahirisha. Ukimpelekea neno kiangazi, jibu utalisikia masika. Kwa hiyo siku majirani wa Ngokolo walipomwona akishusha sinki jeupe kutoka kwenye guta, walicheka wee, wakasema mzee leo kaamua kunawa kistaarabu. Wacheke tu. Mgongo alioumalizia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Segese, ulikuwa umekataa kuinamia beseni, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu wa kumshikia kata.

Fundi Sostenes alifika asubuhi na pima maji yake, akaingia bafuni, akagonga ukuta wa nyuma.

"Sinki hapa, mzee. Bomba la maji machafu linatokea papa hapa, tunachimba mtaro chini ya dirisha, moja kwa moja mpaka kwenye karo. Mteremko upo, kona hakuna."

Ndaki alichungulia nje. Chini ya upenu ardhi ilikuwa kavu, na jiwe lake la kukalia jioni lilikuwa palepale.

"Upande huo hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Hapana tu."

Sostenes alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu mgumu. Maji ya sinki hayana nguvu, yanategemea mteremko. Ukilizungusha bomba nyumba nzima, kila kona itashika sabuni na nywele, na mteremko utaisha kabla ya kulifikia karo. "Utanawa leo, maji yatashuka keshokutwa," alisema, akachukua sururu akatoka.

"Fundi, weka chini."

Sostenes aliiweka. Hakuwahi kumsikia mzee huyu akipaza sauti.

Mahali fulani chini ya upenu ule alilala mtoto wa Ndaki, na Ndaki hakujua ni wapi. Alizaliwa bila pumzi, baba yake akiwa duarani Segese. Wanawake walimzika nyuma ya nyumba, kimyakimya, kama ilivyo desturi, na wanaume hawaendi. Ndaki aliporudi na kitenge na sukari, alimkuta mkewe Agnetha amekaa mlangoni, akamuuliza habari za mbuzi. Mbuzi, jamani. Agnetha alingoja aulizwe lile jingine. Alingoja msimu, akangoja mwingine, mwisho akafunga mzigo wake akaenda Geita bila ugomvi wowote. Mtaani wenzake wakaitwa Baba Limi, Baba Mageni. Yeye akabaki Ndaki. Upweke huo aliuzoea, lakini haukuacha kumuuma.

Wanawake wale waliozika walishakufa. Aliyebaki anajua ni mmoja, na namba yake Ndaki alipewa zamani na shemeji yake, akaitunza kwenye simu bila kuipiga. Angeahirisha na leo, ila sururu ilikuwa inangoja. Alitoka nyuma, akakaa kwenye jiwe lake, akapiga.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Nyuma ya sauti ile kulikuwa na sufuria na kelele za wateja, Agnetha alikuwa anapikia wachimbaji. "Nani mwenzangu?"

"Ndaki."

Ukasikika mfuniko wa sufuria ukiwekwa.

"Kuna msiba?"

"Hapana. Naweka sinki." Alijiona mjinga. "Fundi anataka kuchimba nyuma ya nyumba. Nikaona nikuulize kwanza. Mtoto yuko wapi?"

Kelele za mgahawa zilififia. Alikuwa ametoka nje.

"Umechelewa kuuliza, Ndaki."

"Najua."

"Yuko chini ya dirisha la ile stoo ya mahindi."

Stoo ile ndiyo iliyogeuzwa bafu.

"Tulimwekea jiwe langu la kusagia, lile lililomeguka pembe. Tuliligeuza, uso ukaangalia chini, ili pasijulikane. Sijui kama bado lipo."

Ndaki alitazama kati ya magoti yake. Pembe iliyomeguka ilikuwa pale, imelainishwa na suruali zake za miaka yote.

"Lipo," alisema. "Nimelikalia. Kila jioni nakunywa chai hapa."

Alingoja matusi. Aliona yanamstahili.

"Kila jioni?" Agnetha aliuliza.

"Kila jioni. Kivuli kinawahi huku."

Ndaki akamsikia Agnetha analia. "Na mimi huku nilikuwa nasema yuko peke yake," alisema.

Ndaki alifuta uso kwa kiganja. Alitaka kumwambia aje aone. Likatoka neno jingine. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Walinikataza kumpa jina, nikampa moyoni. Vumilia." Akapenga kamasi. "Wateja wananiita. Haya, baki salama, Baba Vumilia."

Simu ilikatika. Ndaki alibaki ameishika sikioni.

Sinki likaenda ukuta wa mbele wa nyumba. Sostenes alilichimbia shimo lake dogo la mawe karibu na mlango wa sebule, akinung'unika kwamba kila mgeni atalipita akiingia. Ndaki alimuuliza wageni wenyewe wako wapi.

Jioni alitoka na chai yake na kigoda. Alikiweka kando ya jiwe, akakaa.