Kabla Lami Haijapoa

"Kwa hiyo kuku wako ndiye atakayeamua mtaa huu upate lami au usipate?" Mama Cherehani aliuliza, mikono kiunoni, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni.

"Ameatamia," Dereva akajibu. "Kuku akiatamia hasogezwi. Kama hujui mambo ya kuku, rudi kwenye sindano zako."

"Najua mambo ya wanaume wavivu. Gari halina tairi, halina injini, miaka nenda miaka rudi liko juu ya mawe. Leo limepata mzazi, limegeuka hospitali."

Majirani waliosimama milangoni walicheka, wakasogea kidogo ili wasipitwe na neno.

Nyuma yao lori la lami lilikuwa limezuiwa na gari hilo bovu, shehena yake imefunikwa turubai, moshi mwembamba ukichungulia pembeni. Kando ya lori alisimama mwanamume mrefu, kipimajoto mkononi. Yeye ndiye aliyebuni mchanganyiko ule kule maabara. Alikuwa pia mkazi wa nyumba ya mwisho ya uchochoro huo huo, ingawa ujirani wenyewe ulikuwa wa jina tu. Tangu ahamie hapo, baada ya kumzika mkewe, aliondoka alfajiri na kurudi watu wakiwa wamejifungia, akala alichokula akiwa amesimama jikoni, kisha akalala upande uleule mmoja wa kitanda.

Uchochoro ule ulikuwa umemsumbua akili kuliko barabara kuu zote. Barabara kuu hupata kokoto nene na rola nzito ya kuzikandamiza. Hapa rola nzito isingepita bila kubomoa kuta za watu. Ingekuja ndogo, nyepesi, na kokoto nene zingeikatalia. Basi akapunguza zile kubwa, akaongeza mchanga wa mto, akapika, akashindilia vipande vya majaribio, akavipasua na kuvitazama ndani. Vingine vilikuwa na matundu ya kunywa mvua. Vingine vilishikana mno, bila hata upenyo wa kupumulia, na hivyo ndivyo vinavyotoka jasho jeusi jua likiwaka. Mwishowe alipata alichokitaka: lami inayokubali kubanwa na mkono mwepesi. Sharti lake lilikuwa moja tu. Ibanwe ingali moto.

Akaichoma sindano ya kipimajoto ndani ya shehena, akaisoma, akaipangusa kwenye suruali.

"Inapoa," alisema. Hakuna aliyemsikia. Mama Cherehani alikuwa amefika kwenye ukoo wa Dereva.

Akasogea, akajiweka kati yao. "Samahani, mama. Samahani, kaka. Kuku hatutamgusa. Tutabeba gari zima, yeye akiwa ndani."

Dereva alimpima kwa macho, juu hadi chini. "Mlipeleke wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alitazama huku na huku. Kila ua ulijaa ndoo, kamba za nguo, watoto.

"Kwangu," akasema.

Majirani wakatazamana, kama watu waliopata habari ya kusimulia wiki nzima.

Mikono haikutosha. Walimwambia chumba cha kona kimejaa wachukuzi wa sokoni, wanafanya kazi usiku, mchana huu wanakoroma. Alifika mlangoni akasita. Hakukumbuka mara ya mwisho kubisha mlango wa mtu.

"Hodi," alisema, sauti ikatoka na kutu. "Hodi humu."

"Nani?" mtu akanguruma.

"Jirani. Wa nyumba ya mwisho."

"Jirani gani wa..." Kitanda kikalia. "Aa, Kufuli! Jamani amkeni, Kufuli anaongea."

Ndivyo alivyolijua jina lake la mtaani. Lilimchoma, maana ufunguo wa kufuli lenyewe alikuwa anautoa mfukoni wakati huo huo.

Walilibeba gari kama jeneza la mtu mnene, Dereva akitembea kinyumenyume mbele yao. "Taratibu, asishtuke. Wewe, pumzi zako mbaya, geukia huko."

"Kufuli, inua upande wako," mchukuzi mmoja akasema, naye akainua. Waliingia uwani kwake, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila kamba moja ya nguo na shati moja. Mama Cherehani aliliangalia shati lile, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasahau kumtukana Dereva.

Kazi ikaanza. Mashine ilitandaza, rola ikafuata, ikaenda na kurudi, na lami ikatii. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu yake mpaka joto likamfukuza. Kwa muda alitaka kumwambia mtu.

Walipokaribia mwisho wa uchochoro, alichoma sindano tena. Akaitazama. Akaichoma mahali pengine.

"Hii irudi," alimwambia msimamizi.

"Bosi, imebaki vipande vya kumalizia tu. Rola itapita, itang'aa, nani atajua?"

"Itang'aa juu. Ndani ni kokoto zilizokaa kila moja peke yake. Mvua ya kwanza tu. Irudishe."

"Na hakuna lori jingine. Bajeti imeishia hapa."

"Najua."

Mama Cherehani alipaza sauti kutoka kibarazani. "Wewe baba, una akili? Si mlangoni kwako hapo?"

"Ndiyo, mama."

"Na unaikataa?"

"Imepoa."

Lori likaondoka. Jioni ikaingia, watoto wakavua viatu kuonja lami kwa nyayo, na yeye akakusanya vifaa vyake. Mbele ya nyumba yake palibaki vumbi na changarawe kama jana. Alikuwa ameshika kufuli wazi mkononi, akijiuliza kama atafunga, na akifunga Dereva atamlishaje kuku, alipoitwa.

Mama Cherehani alisimama mlangoni pake. Nyuma yake palikuwa na kelele, vijiko, Dereva akibishana na mchukuzi juu ya nani alibeba kweli na nani aliegemea tu.

"Viatu vyangu vina lami," mwanamume akasema alipofika kizingitini.

"Vyote vina lami. Hivyo vya Dereva vina hata kinyesi cha kuku." Akasogea kando kumpisha. "Ingia ule. Kinapoa."