Mara ya Tatu ni Yangu

Sisi tunaotangaza kwa gari la vipaza sauti tuna desturi yetu. Kila mtaa, tangazo linasomwa mara tatu. Mbili za kwanza ni za mwenye tangazo: unasoma kilichoandikwa, hupunguzi, huongezi. Ya tatu ni ya mtangazaji. Unalisema kwa maneno yako, ili aliyekuwa anabembeleza mtoto, au mwenye masikio mazito kama mimi, naye aambulie kitu. Nimezunguka miji mingi, kazi nimebadilisha kama mashati, na shule nimeisoma kwa vipande, darasa huku, darasa kule. Lakini mara ya tatu sijawahi kuiacha.

Asubuhi hiyo tulikodiwa na kampuni ya maji. Afisa mawasiliano wao, mwanamke wa rika la binti yangu, alipanda akabanana kati yangu na dereva. Dereva tunamwita Breki, kwa sababu ndicho kitu ambacho gari lake halina.

"Mzee, lisome kama lilivyo," afisa akasema, akinipa karatasi. "Mara zote tatu. Wanasheria wamelipitia."

Nikavaa miwani, nikajaribu sauti: "Kampuni inapenda kuwajulisha wadau wake wapendwa kuwa, kufuatia tukio la kiutendaji, vigezo vya ubora wa maji vimepitia mabadiliko ya muda. Wadau wanahimizwa kukumbatia vyanzo mbadala huku mchakato wa maboresho ukiendelea."

"Breki, umeelewa nini?"

"Nimeambiwa nikumbatie," akasema. "Nani, hawajasema."

Afisa hakucheka.

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa mdogo wangu, dada yangu wa tumbo moja. Tulimkuta bombani amepanga ndoo, sufuria, hadi beseni la kuogea.

"Kaka! Nimesikia redioni," akaniita. "Wanaboresha maji, eti?"

"Redio imesema hivyo?"

"Wamesoma hayohayo mnayokuja nayo, na muziki mtamu kwa nyuma. Mimi najaza kila chombo kabla hawajafunga. Yananuka kidogo, nadhani ndiyo dawa ya kusafishia. Nitayachemsha tu, wajukuu wanasubiri chai."

Akabeba sufuria, akaingia ndani. Kupitia mlango ulio wazi nikamwona akiwasha jiko. Nilirudi garini mbio, na mimi siku hizi mbio zangu ni za kuhesabu hatua.

"Mwanangu, nijibu kama unavyomjibu mtu wa nyumbani. Maji haya yananyweka?"

"Mzee, sisi hatutumii lugha hiyo."

"Mnatumia ipi? Wewe leo umeyanywa?"

Akaitazama chupa yake ya maji ya dukani, iko mapajani. Breki akazima injini ili nisikie.

"Ni dawa za kiwanda cha ngozi," akasema chini chini. "Zimevuja hadi kwenye kisima chetu. Hata ukichemsha hazitoki. Lakini neno sumu halimo kwenye mwongozo. Litazua taharuki."

"Mdogo wangu ana sufuria jikoni."

"Naelewa hisia zako."

"Hisia zangu ziache. Yeye ana sufuria jikoni!"

Nikashika kipaza sauti. Mara ya kwanza nikasoma karatasi neno kwa neno. Watu wakachungulia, wakasikiliza, wakarudi bombani. Mara ya pili nikasoma haraka haraka, huku nikiutazama mlango wa mdogo wangu. Mwanamume mmoja akapiga makofi: maboresho hayo.

Ya tatu nikaikunja karatasi, nikaikalia.

"Jamani, maji ya bomba yana sumu! Ya kiwanda cha ngozi! Msinywe, msipikie, kuchemsha hakusaidii! Mwageni!"

Afisa akachomoa waya. Vipaza sauti vikafa. Nikashuka, nikasimama katikati ya barabara na koo langu lile lile lililouza miwani sokoni na kunadi mitumba mvuani.

"Mdogo wangu! Toa sufuria jikoni! Mwaga!"

Akatoka mlangoni ameishika kwa kanga, inafuka mvuke. "Kaka, si wamesema maboresho?"

"Wamesema. Mimi nasema mwaga!"

Alinitazama, akamtazama afisa aliyeshika waya garini. Kisha akamwaga mtaroni. Aliyepiga makofi akapindua ndoo yake, na jirani yake, na mwingine, wakitukana kila mtu kwa zamu yake.

Afisa akanifuata, kishikwambi mkononi.

"Mzee, kampuni inalazimika kutathmini upya mwelekeo wa ushirikiano wetu na wewe."

"Sema vizuri."

"Tunakuachia nafasi ya kutafuta fursa nyingine."

"Bado. Sema, mwanangu, unaweza. Dakika chache zilizopita uliweza."

Akavuta pumzi. "Umefukuzwa kazi."

"Umeona? Nimekuelewa mara moja, na wala hujafa."

Nikaichukua karatasi yake kitini, nikamrudishia, imejikunja umbo la makalio yangu. Breki akashuka, akafunga mlango kwa teke, akauliza mtaa unaofuata ni upi. Nikamwonyesha. Gari siku hiyo lilikuwa limekodiwa na kampuni, tukawaachia, tukaenda kwa miguu, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia, na safari hii hatukusoma chochote. Tulianza moja kwa moja na mara ya tatu.